Machozi ya Kubandika

Mimi ni mtu wa kinyaa. Mama anasema nilizaliwa hivyo, eti hata ziwa nilikuwa nalitazama kwanza kabla ya kunyonya. Sasa fikiria hali yangu siku niliyokaa mara ya kwanza mbele ya kompyuta ya Dairekta. Kati ya herufi za kibodi kulikuwa na maganda ya karanga. Kipanya kilinata. Hedifoni zilikuwa na nta ya masikio ya watu nisiowajua, na yeye akaninyooshea huku anatafuna, "Vaa, binti, usikie vizuri." Nilizifuta kwa upindo wa gauni nikazivaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nataka kazi ya kuediti video.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Dairekta hakuwa dairekta wa kitu chochote. Alikuwa mpiga video wa harusi, mahafali na misiba, ila jina alijipa mwenyewe na watu wakalizoea. Mlangoni aliegemeza ubao wa chaki: HARUSI, MISIBA, NJIWA, MOTO, MIOYO. Hivyo vitatu vya mwisho ndivyo alivyojua kubandika juu ya video ya mtu, na alivibandika popote. Harusi ilipata njiwa. Mahafali yalipata njiwa. Mtoto akitimiza mwaka, njiwa. Nilipokwisha kujua kukata na kuunga, akaniambia siku hizi kukata na kuunga hakumlishi mtu, nijifunze ile programu kubwa ya madoido.

Yeye mwenyewe aliijua kwa vitufe vitatu. Vilivyobaki nilifundishwa na mwalimu wa mtandaoni mwenye mafua yasiyopona, aliyeanza kila somo kwa "Karibuni tena wapendwa" kisha akavuta makamasi. Programu ikifunguka, skrini yote inajaa visanduku, na kila kisanduku kina visanduku vyake tumboni. Ukibonyeza pasipotakiwa, video yako inatoweka na hakuna wa kumuuliza. Zoezi langu la kwanza lilikuwa njiwa wa kuruka juu ya vichwa vya maharusi. Njiwa wangu aliingia sikio la kulia la bibi harusi na hakutokea upande wa pili. Nilimwita Dairekta nikiwa nimejaa aibu. Akatazama, akatema ganda sakafuni.

"Safi. Nani atatazama sikio?"

Nilianza kumchukia hapo, taratibu, maana nilikuwa bado namhitaji.

Baba alifariki nikiwa bado nahangaika na njiwa. Alianguka bafuni asubuhi, na kufikia adhuhuri hatukuwa na baba. Dairekta alikuja maziko na kamera yake begani, akasema hiyo ndiyo rambirambi yake kwetu, na watu wote wakamshukuru, hata mimi. Wakati wa kutupia udongo nilikuwa upande wa pili wa kaburi, nimejifunika uso kwa mtandio, wanawake wawili wamenishika mikono. Sikuona kitu. Nilisikia kuimba tu.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Mjane hakulia. Wengine walisema alikuwa na macho makavu kama ya karani wa benki. Wengine walisema alikunja uso, tena mbele ya kaburi wazi, kama mtu aliyeletewa chai ina nzi. Sasa mama si mtu wa kulia mbele za watu. Akiumwa jino hufua. Baba alipofariki alifua mapazia yote ya nyumba, akayaanika, akayapiga pasi, kisha akakaa mbele ya madirisha matupu akipokea pole. Lakini utamweleza nani?

Aliyepaswa kuelezwa alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Anaishi nje ya nchi, na maziko yalimpita kwa sababu ndege ilimwacha. Nyumba tunayokaa ilijengwa na babu, na karatasi zake zina jina la shangazi, mzaliwa wa kwanza. Baba aliishi humo kwa heshima ya dada yake, na mama kwa heshima ya baba. Sasa baba hayupo. Neno la shangazi lilikuwa moja tu, na huyo mwanamke hasemi mara mbili. Alipiga simu akasema, "Nasikia hata chozi hakutoa. Nakuja. Video ipo? Nitaitazama mwenyewe, halafu nitajua kama nina wifi hapo au nina mpangaji."

Mama alisikia maneno hayo kwenye spika ya simu. Akaenda kusugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Hapo akaingia baba mdogo. Mdogo wake baba huyu ni mtu laini, wa sauti ya chini na viganja vyenye unyevu, na kila uovu anaoutenda anautanguliza kwa "kwa nia njema". Alikuja studio akavuta kiti karibu yangu mpaka magoti yakagusana. Nikasogea. Akasogea.

"Mwanangu, hii ni kwa nia njema. Nasikia siku hizi kompyuta zinaweza kila kitu."

"Kitu gani, baba?"

"Mama yako. Pale anapotupia udongo. Kama angepata chozi." Akashika shavu lake mwenyewe kunionyesha mahali. "Moja tu. Sisemi mafuriko."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Dairekta, nikitegemea atacheka. Dairekta alikuwa amesimama na karanga mkononi, macho yamemtoka kwa furaha.

"Inawezekana!" akasema. "Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Binti atafanya. Tena ajifunzie hapohapo."

"Dada ni mtu wa kuona," baba mdogo akaendelea. "Akiona chozi ataridhika, na kila mtu atabaki mahali pake. Asipoliona, shemeji atatoka. Mimi sitaki kumwona shemeji anatoka. Wewe unataka?"

Niseme ukweli, nilikubali. Niliziona sufuria za mama barabarani, zimepangwa juu ya godoro, watu wanapita wanazitazama. Nikasema sawa. Baba mdogo akanishukuru kwa viganja vyake vyote viwili, na alipoondoka nilikwenda bombani kunawa.

Kumliza mtu kwa kompyuta si kazi ndogo. Kwanza unahitaji chozi. Nilipakua la mwanamke fulani wa tangazo la sabuni, mwenye shavu kama yai, nikalikata pembezoni nikalibandika chini ya jicho la mama. Likakaa. Nikabonyeza icheze. Mama akageuza kichwa, chozi likabaki palepale, likaning'inia hewani mbele ya sikio la jirani yetu muuza mkaa, likateremka pole pole bila mwenyewe. Dairekta alicheka mpaka karanga zikamtoka puani, zikatua juu ya skrini, juu ya kaburi la baba. Alizipangusa kwa kiganja.

"Hujaliambia lishike," akasema. "Muulize yule mwalimu wako wa makamasi."

Mwalimu wa makamasi akanieleza. Programu haijui uso ni nini. Unaichagulia alama moja isiyopotea, unaifungia mraba, na programu inaifuata alama hiyo picha moja baada ya nyingine, hata mtu akigeuka au akiinama. Ukishapata njia ya alama, unalifunga chozi kwenye njia hiyo, nalo linakwenda na uso. Mama ana kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto. Nikakifungia mraba. Kikashikwa, kikafuatwa, kikapotea aliponyanyua mkono, nikarudi nyuma nikakisogeza kwa mkono mwenyewe, picha kwa picha, siku baada ya siku. Nilikuza uso wa mama mpaka nikaona matundu ya ngozi yake. Nililijua kunyanzi lililo pembeni ya mdomo, nikaujua unywele mmoja wa kidevuni ambao hakuwahi kumwambia mtu. Mtoto hapaswi kumtazama mzazi wake hivyo. Kila jioni nilipofika nyumbani na kumkuta anakuna nazi au anakunja nguo, sikuweza kumtazama usoni, maana nilikuwa nimeshamtazama vya kutosha.

Halafu siku moja likashika. Nilibonyeza icheze, mama akainama, akatupa udongo, akainua uso, akageuka, na chozi likaenda naye. Likang'aa kidogo chini ya kope, likavimba, likashuka. Nilirudia. Likashuka tena. Nilikuwa nimesahau kila kitu. Nilipiga makofi. Niliruka kwenye kiti nikasema kwa sauti, "Analia! Analia!"

Dairekta akaja mbio tukagonganisha viganja. Chake kilikuwa na mafuta. Mafuta yale ndiyo yaliyonizindua. Nilimtazama mama kwenye skrini, analia kwa amri yangu, mimi nashangilia kama mtu aliyefunga goli, na mate yakanijaa mdomoni. Nilitoka nje nikatema kwenye mtaro. Nikatema tena. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kuchukia hedifoni au kipanya au mtu yeyote.

Niliporudi ndani, ubao wa mlangoni ulikuwa umeongezwa neno kwa chaki mpya: MACHOZI.

"Ni biashara hii," Dairekta alisema. "Misiba mingapi watu hawalii sawasawa? Ila sikiliza, halijakamilika. Linateremka kama tone kwenye kioo cha dirisha. Mama ni mtu mzima, ana mikunjo, chozi lake lina njia yake. Tafuta mahali alipolia kweli, uone linapita wapi, uige."

"Hakulia. Si ndiyo sababu ya haya yote?"

"Kamera huona mengi. Pekua klipu zote, hata mbovu."

Klipu mbovu zilikuwa kwenye folda yake, humo hakuna anayeingia. Nilizifungua moja moja. Anga. Kidole cha Dairekta. Mgongo wa mtu. Kisha moja ndefu iliyoonyesha ardhi, imepinda, inayumba, viatu vinapita. Hili ni kosa la wapiga video, na kila mmoja wao ameshalifanya ingawa hakuna anayelikiri. Kitufe cha kurekodi ni kilekile cha kusimamisha. Ukikibonyeza mara moja zaidi bila kujua, kamera inageuka kinyume chako: ukiilenga kwenye tukio imelala, ukiishusha kiunoni ndiyo inarekodi. Dairekta alikuwa ametembea hivyo sehemu nzima ya maziko, analenga na kamera iliyolala, kisha anarekodi viatu.

Nilitaka kuifunga. Kisha nikaona viatu vya mama. Vyeusi, visivyo na kisigino, alivinunua kwa ajili ya mahafali yangu. Vikarudi mpaka ukingoni mwa udongo, mama akiwa ameshatupia wake, vikasimama karibu kabisa na kamera. Nikavaa hedifoni zile chafu bila kuzifuta.

Kulikuwa na kuimba kwa mbali. Kulikuwa na udongo unaoanguka juu ya mbao. Kisha sauti ya mama, chini kabisa, ile anayotumia akiwa chumbani na baba mlango umefungwa: "Lala sasa. Taa nitazima mimi." Baada ya hapo akalia. Hakulia kwa maneno wala kwa kuita. Alilia kwa ndani, pumzi ikikatika na kurudi, ikikatika na kurudi, na nilivyoviona ni viatu tu, vimegeuka vidole ndani kidogo, na matone yanaanguka juu ya ngozi ya kiatu cha kulia na kutengeneza madoa kwenye vumbi. Sijui ilichukua muda gani. Niliuma kidole ili nisipige kelele.

Na bado viatu havijaondoka, sauti nyingine ikaingia, kubwa, karibu na kamera, sauti yenye kitu mdomoni.

"Aah! Mama, samahani. Hapa haikuwaka. Turudie kidogo tu. Chukua udongo tena, ule wa pembeni, mzuri. Na safari hii tazama huku, usiiname sana."

Viatu havikusogea. Kisha picha ikakatika, kwa sababu hapo ndipo alipobonyeza kitufe kwa usahihi.

Klipu iliyofuata kwa saa ya kamera ndiyo ile niliyoifanyia kazi siku zote zile. Mama anainua udongo. Mama anautupa. Mama anatazama moja kwa moja kwenye kamera, macho makavu, pua imekunjwa, mdomo umebanwa. Nilikuwa nimetazama uso ule picha kwa picha, nikaujua mpaka nywele zake, na sikuwahi kuusoma. Ulikuwa uso wangu mimi. Ni uso ninaouvaa mbele ya kibodi ile kila asubuhi. Mama alikuwa amechukizwa mpaka mwisho wa kuchukizwa, na juu ya kuchukizwa kwake mimi nilikuwa nimebandika chozi la tangazo la sabuni.

Nilimwita Dairekta nikamsikilizisha. Alisikiliza akitafuna.

"Ulimwambia arudie," nikasema.

"Kwani kuna ubaya? Hata maharusi hurudia kuvishana pete."

"Alikuwa anazika."

"Ndiyo, na mimi nilikuwa kazini. Ningekosa picha ya mjane ungenilaumu wewe wa kwanza." Akainama kwenye skrini. "Sauti nzuri lakini. Tunaweza kuichukua sauti hii tukaiweka chini ya ile picha yenye chozi. Eeh? Itaua kabisa!"

La kuvunda halina ubani. Nilihamisha klipu zote kwenye simu yangu nikaenda nyumbani mchana kweupe, kazi haijaisha.

Mama alikuwa anapiga pasi mashuka. Nilimwonyesha kwanza video yenye chozi, bila kumwambia kitu. Alivaa miwani, akaishika simu mbali, akatazama mpaka mwisho.

"Nani kanimwagia maji?"

"Ni chozi, mama. Nimeliweka mimi. Baba mdogo aliomba, kwa ajili ya shangazi."

Aliiweka simu juu ya shuka. Hakunigombeza. Alinitazama tu kwa uso uleule wa kwenye kaburi, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia kila kitu kwa haraka, mpaka nilivyopiga makofi. Kisha nikamwekea klipu ya viatu. Alisikiliza mpaka "Taa nitazima mimi", akanyoosha mkono.

"Zima."

Nikazima. Akapiga pasi upande mzima wa shuka, kisha akaligeuza.

"Mama, hii ndiyo dawa yao," nikasema. "Tumwekee shangazi hii. Asikie. Wote wasikie, wafunge midomo."

"Nilikuwa naongea na baba yako. Shangazi yako hakuwepo, na wale wengine walikuwepo lakini sikuwa naongea nao."

"Watakutoa humu ndani!"

"Wanitoe. Machozi yangu si risiti, mwanangu, kwamba nizunguke nayo nikiionyesha kila mlango." Akaigusa pasi kwa kidole chenye mate kuona kama bado ina moto. "Hiyo usimwekee mtu. Na hilo jingine ulilonipaka, lifute. Uniache nilivyokuwa."

"Umekunja uso vibaya sana pale, mama. Ndio huo wanaousema."

"Nilikuwa nimeudhika. Mtu akiudhika acheke?"

Kesho yake nilirudi studio nikalifuta chozi. Kazi ya siku zote zile iliondoka kwa kitufe kimoja. Nikawafuta na njiwa ambao Dairekta alikuwa amewaweka juu ya jeneza, kumi na kitu, wanazunguka kama nzi. Sikumwambia mtu. Nikaihamishia video kwenye flashi, nikaitia mfukoni.

Shangazi alifika akafikia kwa baba mdogo. Jumamosi alasiri wakaja wote kwetu. Dairekta naye alikuja, amevaa suti, amebeba projekta, maana baba mdogo alikuwa amemnong'oneza kuhusu wageni na yeye alitaka wageni waione kazi yake mpya. Tulifunga mapazia yale yaliyofuliwa. Shangazi ni mwembamba, mrefu, mwenye kukaa wima hata kwenye sofa. Hakuvua viatu. Hakula, hakunywa. Mama aliketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mikono mapajani, kama aliyeitwa kwenye usaili.

"Dada, utajionea mwenyewe," baba mdogo akasema. "Watu wana midomo. Kamera haidanganyi."

Nilimtazama alipotamka hayo. Hakupepesa hata jicho.

Video ikaenda ukutani. Gari, watu, jeneza. Shangazi alipoliona jeneza la mdogo wake taya lilimtikisika, akalikaza. Dairekta alinitazama akiuliza kwa nyusi wale njiwa wako wapi. Kisha ikafika zamu ya mama. Akainua udongo. Akautupa. Akainua uso, na uso ukajaa ukuta mzima, mkavu, umekunjwa, macho yanatutazama wote.

Baba mdogo alinibana kiwiko. "Chozi liko wapi?" akanong'ona, lakini chumba kilikuwa kimya.

"Chozi gani?" shangazi akasema.

"Hapana, dada, ni..."

"Labda flashi ina hitilafu," Dairekta akadakia. "Mimi niliona likitiririka vizuri kabisa, mama mkubwa, tulilitengeneza na..." Akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

"Simamisha hapo," shangazi aliniambia.

Nikasimamisha. Uso wa mama ukabaki ukutani, mkubwa kuliko mlango. Shangazi akamgeukia mdogo wake.

"Mlitaka kumpaka mtu machozi? Kwenye maziko ya kaka yako?"

"Kwa nia njema, dada. Kuipendezesha tu."

"Kupendezesha maziko." Alilitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge. Kisha akatazama ukuta tena, kwa muda mrefu, akakunja macho. Nilikuwa na simu mkononi, ile klipu ya viatu ndani yake, na kidole gumba kilikuwa juu yake. Ningeibonyeza, kila kitu kingekwisha. Mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake. Nikaitia simu mfukoni.

"Wifi," shangazi akasema bila kugeuka. "Hapa ulikuwa unamtazama nani?"

Mama alinyoosha gauni magotini.

"Huyo hapo," akasema, akamwelekezea Dairekta kidevu. "Alitaka nimzike mume wangu mara ya pili, kwa sababu ya kwanza picha haikutoka."

Dairekta alianza maneno ya kitufe, na betri, na mwanga wa siku ile, mfa maji haachi kutapatapa, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Shangazi alimwacha amalize.

"Na wewe ulifanya nini?" akamuuliza mama.

"Nilirudia. Watu walikuwa wananingoja."

"Beleshi lilikuwa wapi?"

"Pembeni yangu."

"Mimi ningempiga nalo," shangazi akasema. Alisema kwa utulivu kabisa, na nikaona kwamba pua yake imekunjwa vilevile kama ile ya ukutani.

Dairekta alichomoa waya wa projekta, uso wa mama ukazimika, mapazia yakafunguliwa. Aliponipita mlangoni akaniambia Jumatatu nisije. Nilimwambia sikuwa na mpango huo, na kwamba anawe mikono. Baba mdogo alibaki amesimama katikati ya chumba, anapangusa viganja kwenye suruali, anasubiri dada yake anyanyuke waondoke.

Shangazi hakunyanyuka. Aliinama akafungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine, akaviweka pamoja kando ya sofa.

"Nenda kaniletee sanduku langu," akamwambia.

"Unasafiri leo, dada?"

"Sisafiri." Akamgeukia mama. "Wifi, nikilala hapa kwako leo, utanilaza chumba gani?"

"Kwake?" baba mdogo akauliza.

Shangazi hasemi mara mbili. Alimtazama tu mpaka akaenda. Mama alikuwa bado ameketi, mikono mapajani, na kwa muda hakuonekana kama ameelewa. Kisha akasimama, akasema chumba cha nyuma kina hewa nzuri, ila angoje kidogo, kitanda hakina shuka, na akaenda kulileta.